Akina Peace wa Kigali

Katika orodha yoyote ya majina mjini Kigali, iwe ya darasa, ya wapiga kura au ya wagonjwa waliolazwa, jina la Kinyarwanda hutangulia, aghalabu kwa herufi kubwa, na la kigeni hufuata nyuma yake. Ndugu wa tumbo moja hawashiriki lile la kwanza. Baba anaweza kuwa Habimana, mama Mukamana, binti yao Uwase na mwana wao Mugisha, kwa kuwa Rwanda haikuwa na desturi ya jina la ukoo linaloshuka kutoka kwa babu hadi mjukuu. Maofisa wa uhamiaji wa nchi za mbali humtazama mzazi, wakamtazama mtoto, wakaomba karatasi zaidi. Lakini ni lile la pili, la kigeni, linaloeleza nani alipita wapi. Humo wamo akina Anastase, Dismas, Tharcisse na Spéciose, ambao Paris ya leo imewasahau. Na humo, kwa kizazi kimoja na nusu sasa, wamo akina Peace.

Peace ni jina la Kiingereza ambalo Mwingereza humpa mtoto wake kwa nadra sana. Si kwamba hawakulijaribu. Katika karne ya 16 na ya 17 Wapuritani, Waprotestanti wakali waliochoshwa na watakatifu wa Kikatoliki, walianza kuwaita watoto wao kwa fadhila za kiroho, na wengine kwa sentensi nzima. Mwaka 1653 Oliver Cromwell aliitisha bunge linalojulikana hadi leo kwa jina la mjumbe wake mmoja, mfanyabiashara wa ngozi wa London aliyeitwa Praise-God Barebone. William Brewster, mzee wa kanisa aliyevuka Atlantiki kwa meli ya Mayflower mwaka 1620, alikuwa na mabinti Patience na Fear, na wana Love na Wrestling. Naam, Love alikuwa mwanamume. Cromwell alipokufa na mfalme akarudi, mtindo huo ulichekwa hadi ukafifia. Grace, Faith na Prudence yalinusurika. Peace lilibaki pembeni, likiibuka pale tu habari za dunia zilipolidai, kama mwishoni mwa mwaka 1918, wazazi wachache walipowapa vichanga vyao jina hilo kwa furaha ya vita kwisha.

Mnyarwanda asingecheka. Kwake jina lilikuwa usemi. Habyarimana, Hakizimana, Bizimana: kila moja ni sentensi fupi yenye Imana, yaani Mungu, ndani yake, juu ya nani huzaa, nani huponya, nani ajuaye. Mengine yalikuwa shukrani, mengine malalamiko kuhusu jirani, mengine kumbukumbu ya njaa au ya vita. Mama aliyezika watoto kadhaa aliweza kumpa anayefuata jina la kudhalilisha, ili kifo kimwone hana thamani kimpite. Pacha mkubwa aliitwa Gakuru na mdogo Gato, bila mjadala. Sherehe yenyewe, kwita izina, ilifanyika siku ya nane. Watoto wa majirani waliitwa, wakalima kidogo kwa mfano, wakalishwa chakula kinachoitwa ubunnyano, kisha kila mmoja akataja jina analompa mgeni. Wazazi walifuata, na la baba ndilo lililoshika.

Hata kuongeza jina jipya juu ya la zamani hakukuwa jambo geni. Mwami, yaani mfalme, alipotawazwa alipewa jina la kiti cha enzi, Mutara, Kigeli, Mibambwe au Yuhi, kwa mzunguko uliowekwa, na mama yake akapata lake lililotokana na la mwanawe. Mwami Musinga alikuwa Yuhi V. Mama yake, Kanjogera, akawa Nyirayuhi. Kwa hiyo Mapadri Weupe walipofungua misheni ya Save, kusini mwa nchi, Februari 1900, wakiongozwa na Askofu Jean-Joseph Hirth, na kufundisha kwamba anayeanza maisha mapya hupewa jina jipya, maneno yao yalipata masikio. Ugeni ulikuwa katika majina yenyewe.

Yalikuwa majina yaliyofungwa. Anastase halikumwambia jirani chochote, wala Dismas. Yalitoka kwenye kalenda ya watakatifu, ambako kila siku ina mwenyewe, na padri ndiye aliyeishika kalenda hiyo. Sheria za Kanisa zilizotolewa mwaka 1917, katika kanuni ya 761, zilimtaka padri ahakikishe anayebatizwa anapata jina la Kikristo. Wazazi wakikataa, aongeze mwenyewe jina la mtakatifu na kuyaandika yote kwenye daftari. Ufaransa nayo, walikotoka baadhi ya mapadri hao, ilikuwa na sheria ya mwaka 1803 iliyowakataza waandikishaji wa serikali kupokea jina lisilo kwenye kalenda na lisilo la mtu mashuhuri wa historia ya kale. Sheria hiyo ililegezwa polepole na kufutwa kabisa mwaka 1993. Tofauti ni kwamba Mfaransa alichagua Jean au Marie, akaiacha kalenda iliyobaki ipigwe na vumbi. Nchini Rwanda, padri mwenye mamia ya watu wa kubatizwa kwa mkupuo aliifungua yote, hadi kurasa za mwisho.

Ndiyo maana mapadri wawili wa kwanza Wanyarwanda, waliopewa daraja Kabgayi Oktoba 1917, waliitwa Balthazar Gafuku na Donat Reberaho. Ndiyo maana mawaziri wakuu wa nchi hii wamekuwa akina Sylvestre, Dismas, Faustin, Bernard, Pierre Damien na Anastase, orodha ambayo ingemfanya mtu adhani anasoma litania. Rais mmoja, Bizimungu, alikuwa na jina la ubatizo Pasteur.

Mji wenyewe ulianzishwa na mtu aliyebadili jina. Daktari Richard Kandt, Mjerumani aliyeifanya Kigali kituo cha utawala mwaka 1907 na ambaye makazi yake ya Nyarugenge sasa ni makumbusho, alizaliwa Posen katika familia ya Kiyahudi akiitwa Kantorowicz. Aliyeacha jina la baba yake ili apate kukubalika Ujerumani alikuja kutawala nchi ambayo haikuwa na jina la baba la kuacha. Alishughulika na Musinga, mwami aliyekataa katakata kubatizwa, na hakuna ushahidi kwamba suala hilo lilimsumbua Kandt hata kidogo.

Wabelgiji, waliochukua nafasi ya Wajerumani, lilikuja kuwasumbua. Novemba 1931 walimwondoa Musinga na kumweka mwanawe Rudahigwa, aliyekuwa tayari akijifunza katekisimu. Machifu walifuata, watu wakafuata machifu, na miaka ile ya 1930 ubatizo ulikwenda kwa kasi kiasi kwamba wamisionari wenyewe waliuita kimbunga. Rudahigwa, ambaye kwa kiti alikuwa Mutara III, alibatizwa Kabgayi tarehe 17 Oktoba 1943 kwa majina matatu: Charles Léon Pierre. Léon lilikuwa jina la Askofu Classe aliyembatiza. Pierre lilikuwa la baba yake wa ubatizo, Pierre Ryckmans, gavana mkuu wa Kongo ya Kibelgiji. Mama yake, Kankazi, aliitwa Radegonde. Hapo mtu aliyechagua alikuwa na akili. Radegonde wa karne ya 6 alikuwa malkia wa Wafranki aliyemkimbia mume wake mfalme na kujenga nyumba ya watawa huko Poitiers. Ni jina adimu hata Ufaransa, na huenda hakuna ikulu nyingine ya Afrika iliyowahi kuwa nalo.

Katika kalenda hiyo wamo pia waliopata umaarufu kuliko ilivyotarajiwa. Jeanne d'Arc, msichana aliyepigana na Waingereza na kuchomwa moto Rouen mwaka 1431, alitangazwa mtakatifu mwaka 1920, wakati misheni za Rwanda zikipanuka. Jina lake lilipokewa zima, nusu zote mbili pamoja, na limekaa. Mwanamuziki Butera Knowless alizaliwa Jeanne d'Arc; jukwaani akachukua jina la Kiingereza. Jeanne d'Arc Girubuntu alishiriki mashindano ya dunia ya baiskeli huko Richmond, Marekani, mwaka 2015, miaka kumi kabla ya mashindano hayohayo kuja Kigali, Septemba 2025. Ukimwuliza mtu wa Kigali kama anaona kichekesho katika kuwa na akina Jeanne d'Arc wengi hivyo katika nchi ya Jumuiya ya Madola, atakutazama tu. Jina lilishakuwa la shangazi yake.

Wanyarwanda hawakuyameza yote kwa usawa, hata hivyo. Katika Kifaransa chenyewe walitafuta majina yaliyofunguka, yale ambayo aliyepita darasa la tatu angeweza kuyasikia yakisema kitu: Espérance, Dieudonné, Immaculée, Consolée, Clémence. Pacifique likapewa wavulana na wasichana bila ubaguzi. Innocent likawa mojawapo ya majina ya kiume yanayosikika sana nchini, ingawa Ulaya limebaki zaidi kwa mapapa waliolala makaburini. Lina sikukuu yake, tarehe 28 Desemba, ya watoto waliouawa na Herode. Hakuna haja ya kueleza uzito ambao jina hilo lilipata baada ya mauaji ya kimbari ya mwaka 1994. Mahakama ya Kimataifa iliyokaa Arusha ilimtia hatiani mwaka 2011 kapteni wa jeshi aliyeitwa Innocent Sagahutu, na kwenye nyasi za gacaca, mahakama za kijamii za vijijini na mitaani, hadi mahakama hizo zilipofungwa mwaka 2012, jina hilo lilitamkwa upande wa washtakiwa na upande wa mashahidi.

Upande wa Kiingereza ulianza kwa njia nyembamba. Mwaka 1921 madaktari wawili wa Kianglikana, Leonard Sharp na Algernon Stanley Smith, walifika Kabale, kusini magharibi mwa Uganda, wakiitazama Rwanda ng'ambo ya mpaka. Algernon, jina la Kiingereza lililo adimu hasa, lilianza kwa Wanormani kama utani wa mtu mwenye masharubu. Nchini Rwanda halikupata bahati. Misheni waliyoipanga ilifunguliwa Gahini, kando ya ziwa Muhazi, mwaka 1925, na mwaka 1928 akaja hapo daktari kijana aitwaye Joe Church. Church alikutana na Simeoni Nsibambi wa Namirembe, Kampala, mwaka 1929, na kutokana na urafiki huo, na kazi ya mwalimu Blasio Kigozi pale Gahini, ukawaka ule uamsho ulioenea Uganda, Tanganyika na Kenya. Afrika Mashariki nzima inawajua watu wake kama walokole. Rwanda huwaita abarokore.

Waprotestanti hawa hawakuwa na kalenda. Walikuwa na Biblia, tena kwa lugha za wenyeji, na kizazi cha kwanza kiliitwa Yosiya, Yona, Ezira, kwa matamshi ya nyumbani. Kilichofuata ndicho chenye mvuto. Katika Kigezi na Ankole, upande wa Uganda, ambako shule zilifundisha Kiingereza, wazazi waliookoka walianza kuwaita mabinti zao kwa yale waliyoyatolea ushuhuda kanisani: Grace, Joy, Hope, Mercy, Patience, Peace. Kadhaa kati ya hayo yametoka moja kwa moja kwenye orodha ya matunda ya Roho katika sura ya 5 ya waraka kwa Wagalatia. Bila kumjua Brewster wala Barebone, walokole wa milimani walirudia walichokifanya Wapuritani miaka mia tatu nyuma yao, na kwa sababu ileile: imani yao ilitaka jina liseme. Ila hapa hakukuwa na aliyecheka, kwa kuwa majirani wao wasiookoka nao walikuwa wakiwapa watoto sentensi.

Kisha wakimbizi wakavuka mpaka. Kuanzia vurugu za Novemba 1959, Watutsi kwa maelfu, na hatimaye kwa mamia ya maelfu, walikimbilia Uganda, Burundi, Kongo na Tanganyika. Huko Ankole waliwekwa kwenye makambi kama Nakivale na Nshungerezi. Watoto wao waliingia shule za Kiingereza, na shule ilidai jina linaloandikika. Baadhi walichukua hata majina ya wenyeji wao: Busingye, jina la aliyekuwa waziri wa sheria wa Rwanda kuanzia mwaka 2013, Johnston Busingye, ni neno la Kinyankole, na linasema lilelile linalosemwa na Peace. Wengine walikuwa na sababu zaidi ya shule. Mkimbizi aliyetaka kazi au karo alijifunza kwamba jina lisilomtambulisha lina faida.

Fred Rwigema ni mfano mkubwa kuliko yote. Alizaliwa mwaka 1957 akiitwa Emmanuel Gisa, akakulia Nshungerezi, na mwaka 1976 alipokwenda Tanzania kujiunga na wapiganaji wa Yoweri Museveni akachukua jina jipya. Akawa jenerali Uganda chini ya jina hilo, akaongoza vikosi vya RPF, chama cha wakimbizi hao, kuvuka mpaka tarehe 1 Oktoba 1990, akauawa kesho yake. Leo yumo katika ngazi ya juu ya mashujaa wa taifa, Imanzi, pamoja na askari asiyejulikana. Ngazi inayofuata, Imena, ina mwami Charles Léon Pierre Rudahigwa, Michel Rwagasana, Agathe Uwilingiyimana, Félicité Niyitegeka na wanafunzi wa shule ya Nyange. Agathe na Félicité ni majina ya wafia dini wa enzi za Roma. Fred ni kifupisho cha Kiingereza cha mtaani. Kila tarehe 1 Februari, Siku ya Mashujaa, majina yao husomwa pamoja, kwa sauti moja.

Jambo moja lisipitwe. Majina haya, ya Kinyarwanda na ya kigeni, hayakumtambulisha Mhutu wala Mtutsi. Wote walitumia hazina ileile ya majina na kalenda ileile ya padri. Kilichowatenganisha kwa wauaji mwaka 1994 kwenye vizuizi vya barabarani kilikuwa mstari wa kabila katika kitambulisho, mstari ulioletwa na Wabelgiji miaka ya 1930. Waliouawa na waliowaua walikuwa akina Faustin, akina Immaculée, akina Théoneste.

RPF ilipoitwaa Kigali tarehe 4 Julai 1994, iliingia pamoja na majina yake. James, Frank, Patrick, Sam, Richard na Rose yalianza kusikika katika ofisi ambazo miezi michache nyuma zilijaa akina Juvénal na Protais. Meya wa kwanza wa mji baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi alikuwa Rose Kabuye, afisa wa jeshi aliyekulia Uganda, na jina lake lilifaa pande zote mbili, Kiingereza na Kifaransa. Wakimbizi wa miaka 35 walirudi kwa mamia ya maelfu, na Kigali, mji ambao ulikuwa umelowa damu na kukimbiwa, ukajazwa upya na watu ambao wengi wao hawakuwahi kuuona. Waliotoka Burundi na Zaire walikuja na Kifaransa na Kiswahili. Waliotoka Tanzania walikuja na Kiswahili na Kiingereza kidogo. Waliotoka Uganda walikuja na Kiingereza, na akina Peace wao.

Kwa miaka ya mwanzo jina la pili lilitosha kumweka mtu mahali pake. Ukisikia Peace au Allan, ulijua Mbarara au Kampala. Ukisikia Espérance au Révérien, ulikisia Bujumbura au hapa nyumbani. Watu wa Kigali walikuwa na mizaha yao juu ya hilo, mingine ya upole, mingine yenye miiba, kwa sababu nyuma ya lugha kulikuwa na swali la nani alibaki, nani alirudi, na nani sasa anapewa kazi.

Na wapo ambao hawakuingia kwenye ugomvi huo wa Kifaransa na Kiingereza. Biryogo, katika Nyamirambo, ni mtaa wa Waislamu tangu enzi za ukoloni, ulikokaa wafanyabiashara na askari waliokuja na Kiswahili cha pwani, na majina yake ni yale ambayo msomaji wa Tanga au Kigoma hahitaji kufafanuliwa: Juma, Ramadhani, Hamida, Saidi. Mashabiki wa Yanga na Simba wanamkumbuka Haruna Niyonzima, jina moja la Kurani na moja la mlimani. Wanamkumbuka pia Meddie Kagere, mfungaji bora wa ligi ya Tanzania misimu miwili mfululizo, 2018/19 na 2019/20. Meddie, huko Kampala, ni kifupi cha Muhamadi. Lakini mwimbaji Meddy, anayependwa Kigali na ughaibuni, aliyezaliwa Bujumbura, ni Ngabo Médard, na Médard alikuwa askofu wa Noyon ambaye wakulima wa Ufaransa humhusisha na mvua ya Juni. Sauti ni moja, na waliolibeba jina walipita njia mbili ambazo hazikukutana popote kabla ya Rwanda.

Baada ya hapo siasa ya lugha ilikwenda mbio. Katiba ya mwaka 2003 ilitambua Kinyarwanda, Kifaransa na Kiingereza. Rwanda ikaingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007. Oktoba 2008 baraza la mawaziri likaamua shule zifundishe kwa Kiingereza, na mwaka uliofuata, Novemba 2009, nchi ikapokewa katika Jumuiya ya Madola bila kuwahi kutawaliwa na Uingereza. Kiswahili kiliongezwa kuwa lugha rasmi mwaka 2017. Ni rahisi kuhitimisha kwamba majina ya Kiingereza yalifuata amri hiyo ya darasani. Sehemu ni kweli. Lakini Kevin, ambalo limeenea sana Kigali hadi likapata umbo la kike, Kevine, lina ushahidi tofauti: mwanzoni mwa miaka ya 1990 lilikuwa jina la kwanza la wavulana nchini Ufaransa kwenyewe, likiletwa na sinema na tamthilia za Marekani. Mtoto wa Kigali aliyeitwa Kevin huenda amelipata kupitia Kifaransa, na mama yake huenda hajui kwamba Kevin alikuwa mtawa wa Ireland wa karne ya 6.

Peace, Happy, Gift, Bright na Blessing ni habari nyingine. Hayo hayakuhitaji mtakatifu wala mwigizaji. Yalishika kwa sababu yalipoingia Kinyarwanda yalikuta mlango uko wazi: yanasema kitu, na yanakisema kwa neno ambalo mtoto wa shule ya msingi sasa analielewa. Bibi aliyeitwa Radegonde au Vénantie hakuwa na namna ya kulieleza jina lake kwa wajukuu. Peace analieleza kwa neno moja. Mpaka kwa wanaume limekwenda: mwimbaji Peace Jolis ni mwanamume, kama Love wa Brewster. Na kwa kuwa Kinyarwanda hakitengi majina ya kike na ya kiume kwa ukali, Uwase akiwa wa kike lakini Mugisha na Ishimwe wakiwa wa yeyote, hakuna aliyeona ajabu.

Kanisa Katoliki nalo lilikuwa limelegeza kamba. Sheria zake mpya za mwaka 1983, kanuni ya 855, hazidai tena jina la mtakatifu; zinakataza tu jina lililo kinyume na hisia za Kikristo. Ilichukua muda kwa parokia kuzoea, lakini mlango uliachwa wazi kwa Peace na, jambo ambalo halikutarajiwa sana, kwa Keza, Ineza, Ganza na Teta. Familia za vijana wa Kigali sasa zinatoa majina mawili ya Kinyarwanda, mafupi na mepesi kutamka, na kuliacha la kigeni kabisa. Matangazo ya kisheria katika vyombo vya habari yanaonyesha mwendo huo na kinyume chake: anayetaka kubadili jina lazima atangaze na aeleze sababu, na zinazojitokeza mara nyingi ni mbili, kwamba jina jipya ndilo alilobatizwa nalo, au kwamba la zamani linamletea aibu.

Wanaopata majina ya Kinyarwanda bila ubishi wowote ni sokwe wa milimani. Dian Fossey, Mmarekani aliyeanzisha kituo cha Karisoke katika Virunga mwaka 1967, aliwapa majina kama yalivyomjia: Digit kwa sababu ya kidole kilichopinda, Uncle Bert kwa heshima ya mjomba wake, na mengi ya Kiswahili, Macho, Kweli, Rafiki, Simba. Mmoja alizaliwa mwaka 1978 na sokwe ambaye watafiti walimdhani dume, na mshangao wao wa Kiingereza ukawa jina la mtoto, Cantsbee. Aliishi hadi mwaka 2017, akawa kiongozi wa kundi kubwa kupita mengi. Tangu mwaka 2005 kazi hiyo imehamishiwa Kinigi, katika sherehe ya serikali iitwayo Kwita Izina, na wageni mashuhuri hualikwa kutoa majina. Wachezaji mpira, waigizaji, wakuu wa nchi husimama jukwaani na kutamka, wengine kwa shida, neno la Kinyarwanda. Mwaka 2022 Charles, wakati huo mwana wa malkia wa Uingereza, alitoa lake kwa njia ya video: Ubwuzuzanye. Hakupata nafasi ya kuleta Algernon.

Kwa binadamu, tatizo la sasa ni muda. Tangu Agosti 2020 vizazi husajiliwa hospitalini na vituo vya afya, kwa kompyuta, mara nyingi mama akiwa bado hajaruhusiwa kurudi nyumbani, na siku ya nane haijafika. Ubunnyano huliwa baadaye, mwisho wa juma, wakati ndugu wamepata nafasi, na watoto wanaoalikwa hutaja majina ambayo hayaingii popote. Wazazi wa Kigali wameanza kufika wodini wakiwa na jibu tayari, la Kinyarwanda kwanza. La kigeni, kama litakuwapo, husubiri ubatizo, na padri siku hizi haulizi ni la mtakatifu gani.